Nimeambiwa nitavalishwa miwani ya VR kutibu uoga wa ghorofa, hii kitu inafanya kazi kweli au naenda kuchezeshwa gemu?

MpandaNgazi

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana nina wiki nzima nawaza hili jambo na sina wa kumuuliza uso kwa uso bila kuchekwa.

Mimi naogopa maeneo ya juu tangu mdogo, na siongelei ule uoga wa kawaida wa mtu kuchungulia chini akashtuka, naongelea nikifika ghorofa ya tatu tu nikaona dirisha kubwa magoti yanalegea, viganja vinalowa, alafu kuna kitu kama kinanivuta nidondoke. Nimeishi nao ivyo ivyo, madaraja ya waenda kwa miguu sipandi, navuka chini kwa chini magari yananipigia honi. Sasa kazini tumehamishiwa ghorofa ya tisa na lifti yenyewe ina upande mmoja wa kioo. Kwahiyo napanda ngazi, ghorofa tisa, kila asubuhi, nikifika juu nimeloa kama nimetoka kuogelea, nakaa nimelipa dirisha mgongo, na kikao kikiwekwa kile chumba cha kona chenye vioo natafuta ugonjwa.

Nikaenda kwa mwanasaikolojia, mama mtu mzima ametulia, tumeongea vikao viwili vizuri tu. Mwisho wa kikao cha pili ananiambia tukikutana tena tutatumia VR, yaani nivalishwe lile dude machoni nionyeshwe ghorofa za kompyuta. Nikajua ananitania. Lile dude nalijua, mtoto wa dada yangu analo, anakata maboksi kwa mapanga ya mwanga huku anagonga meza za watu.

Sasa mimi najiuliza, si nitakua najua kabisa niko chumbani nimesimama kwenye zulia, nitaogopaje? Na kama siogopi nitaponaje? Kuna mtu humu amewahi kufanyiwa? Naomba majibu ya kweli, kejeli ninazo za kutosha ofisini.

---

Bishoo_wa_Hoja

Pole sana dada. Ngoja waje wataalamu, ila mimi kwa akili yangu ndogo hapo unapigwa. Uoga wa ghorofa dawa yake ni ghorofa. Panda, simama, ogopa mpaka uchoke kuogopa, bure kabisa. Mtu akikuletea katuni za ghorofa ujue anatafuta pa kurudishia hela ya mashine yake.

---

KitiPembeni

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, si huyo wa mleta mada, na natumia VR kwa baadhi ya wateja wangu kwahiyo chukueni maneno yangu mkijua natetea pia kazi yangu.

Mleta mada, swali lako la kwanza ni zuri kuliko unavyodhani. Ni kweli utajua uko kwenye zulia. Tatizo ni kwamba anayejua ni wewe, miguu yako haijui. Nimeshawahi kumsimamisha mtu mzima, mwenyewe mhandisi, anacheka kabisa anasema "michoro yenyewe mibaya", alafu nikamwambia haya piga hatua moja mbele utoke kwenye ukingo. Mguu ukanyanyuka ukabaki hewani. Akaurudisha. Akanyanyua tena. Chini yake ni sakafu aliyoikanyaga dakika mbili zilizopita, na anajua. Mel Slater, mtafiti aliyeshughulika na haya mambo miaka mingi, anatenganisha vitu viwili: ile hisia ya kua upo pale mahali, na ile hisia kwamba yanayotokea yanatokea kweli, na vyote viwili vinakupata huku unajua fika ni uongo. Ndo uzuri wake. Akili inajua uko salama kwahiyo unakubali kuingia, na mwili hauna habari kwahiyo unaogopa inavyotakiwa.

Na si kitu cha juzi. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na Larry Hodges na wenzao kule Atlanta walichapisha utafiti wa kutibu uoga wa juu kwa VR, na unajua waliwaweka watu wapi? Kwenye madaraja, kwenye baraza za ghorofani, na kwenye LIFTI YA KIOO. Dada yangu hiyo lifti yako ilishatengenezewa dawa kabla wengi wa humu hawajajua kushika mausi. Michoro ya wakati ule ukiiona leo utacheka, maboksi matupu, na bado watu walitokwa jasho, na baadhi yao bila hata kuambiwa walienda wenyewe kujijaribu kwenye maghorofa ya kweli.

Sasa swali la pili, utaponaje. VR haiponyeshi kitu, naomba hili lieleweke. Kinachofanya kazi ni kuukabili uoga kidogo kidogo, tiba ambayo Joseph Wolpe aliiandikia kitabu 1958 hata kompyuta za mezani hazipo, yeye alikua anawaambia watu wafumbe macho wawaze kile wanachokiogopa huku wamelegeza mwili. Kuna watu hawawezi kuwaza picha, na kuna wanaowaza alafu wanakimbilia mawazo mengine bila wewe kujua. Miwani inakuondolea hiyo shida, nakiona unachokiona kwenye skrini yangu, ukigeuza kichwa kukwepa nakuona.

Kikao chenyewe kinaendaje: nakuuliza uko ngapi, kuanzia sifuri mpaka mia, sifuri umelala kitandani na mia ni unadhani unakufa. Unasema themanini. Hatuendi popote. Tunakaa hapo hapo, nakuuliza unaona nini chini, magari ya rangi gani, uko ngapi saivi, themanini, sawa, tunakaa. Kabla hatujaanza nitakua nimekuuliza unadhani nini kitatokea, na naandika. Wewe umeshasema hapo juu, kuna kitu kinakuvuta udondoke. Basi hicho ndicho tunaenda kukipima, unasimama ukingoni mikono imeachia kila kitu, tunaona kama utavutwa. Zamani tulikua tunasubiri tu namba ishuke, siku hizi wengi wetu, tukifuata kazi za kina Michelle Craske, mtafiti wa tiba za hofu, tunajali zaidi kama kile ulichotabiri kimetokea au hakijatokea. Namba inaweza isishuke siku hiyo na bado umejifunza.

Kitu kimoja tu cha kujihadhari nacho, na wateja wajanja ndo wanaharibikia hapa. Kufumba macho. Kushika ukuta. Kuhesabu moyoni. Kujiambia "ni katuni ni katuni ni katuni". Ukifanya ivyo umekaa dakika arobaini bure, maana mwili utaandika kwamba umepona kwa sababu ulishika ukuta.

@Bishoo_wa_Hoja upo sahihi nusu, ntakujibu nikitoka kwenye kikao.

---

abiria_mwoga

Mimi nimefanyiwa, ila ya ndege. Na niliharibiwa kwanza ndo nikatengenezwa, kwahiyo nisikilize vizuri.

Sehemu ya kwanza nilienda (jina naliacha) nikakutana na kijana, maswali matano, nikasaini fomu, nikavalishwa. Hakuna cha uko ngapi wala nini. Akabonyeza nikajikuta nimo ndani ya ndege, mlango umefungwa, alafu yeye akatoka nje kupokea simu. Nasikia sauti yake kwa mbali anaongea mambo ya tairi. Ndege ikapaa, nikasema sawa, mara mawingu, mara radi, mara kiti kinatetemeka maana chini yake wameweka spika kubwa inayotikisa. Nikavua lile dude nikalitupa. Kutupa kweli. Miezi mingi baada ya hapo hata tangazo la ndege kwenye tivii nilikua nabadilisha chaneli.

Wa pili alikua tofauti mno. Kikao cha kwanza hata miwani haikuguswa. Cha pili nilikaa kwenye ndege iliyosimama, injini imezimwa, yaani nimekaa tu kama mjinga naangalia mgongo wa kiti cha mbele. Cha tatu ndo injini. Tuliruka mara sita kwa siku moja kwenye kile kiti, kupaa na kutua kupaa na kutua mpaka ile ya mwisho nikapiga miayo, na yule dada akacheka akasema huo muayo anauandika. Baadae nilipanda ndege ya kweli. Niliogopa, sidanganyi, ila nilikaa na uoga wangu mpaka tukatua, zamani ningeshuka kabla mlango haujafungwa.

Kwahiyo mleta mada usiulize mashine ni ya kampuni gani. Uliza huyo mama atakua amekaa wapi wakati wewe umeivaa.

---

FundiPikseli

Nipo upande wa kutengeneza hivi vitu (sio vya hospitali, ila mbinu ni zile zile) nichangie la kiufundi maana watu wengi wanaikataa hii tiba kwa sababu walijaribu gemu wakatapika.

Kichefuchefu kinatokea pale macho yanaposema tunatembea na sikio la ndani linasema tumekaa. Ukisukumwa kwa kijiti cha mkononi kama gari, mwili unakataa. Ukitembea kwa miguu yako mwenyewe hata hatua tatu tu, macho na sikio vinakubaliana, shida inapungua sana. Na uoga wa ghorofa bahati nzuri hauhitaji kwenda mbali, unahitaji ukingo tu. Cha pili ni kuchelewa kwa picha, ukigeuza kichwa picha inatakiwa ifuate ndani ya milisekunde kama 20 ivi, ikizidi sana utajisikia mlevi. Cha tatu kidogo sana ila kinasahaulika: mwambie akurekebishie umbali wa lenzi uendane na umbali wa mboni zako, isipokaa sawa unatoka na kichwa kinagonga unadhani ni uoga kumbe ni lenzi. Kama una kifafa au kizunguzungu cha masikio mwambie mapema kabla ya yote.

La mwisho ambalo halijasemwa. Miwani inarekodi unavyosogeza kichwa na mikono, nyingine mpaka macho yanatazama wapi. 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walichukua rekodi za wachezaji zaidi ya elfu 50 wa gemu ile ile ya kukata maboksi anayocheza mpwa wako, wakaonyesha kwamba kwa sekunde 100 tu za mjongeo wa kichwa na mikono kompyuta inamtambua mtu ni nani kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 94. Hapo ni gemu. Sasa fikiria rekodi ya mtu akitetemeka kwenye tiba. Uliza inahifadhiwa wapi na nani anaiona, asipokua na jibu muombe izimwe intaneti wakati wa kikao.

---

Bishoo_wa_Hoja

Hii ya mwisho imenitisha kuliko ghorofa zote. Ila @KitiPembeni bado unanidai jibu.

---

KitiPembeni

Nimerudi.

Kaka nusu uliyopatia ni hii: ghorofa ya kweli inafanya kazi, na tafiti zikilinganisha VR na kitu halisi kwa hofu za aina hii matokeo yanakaribiana sana. Kwenye uoga wa ndege Rothbaum na wenzake mwaka 2000 walilinganisha waliofanyia mazoezi uwanja wa ndege na waliofanyia kwenye VR, wakatoka sawa. Kwahiyo mtu akikuambia VR ni bora kuliko kitu chenyewe, huyo anauza.

Nusu uliyokosea ni hapo kwenye "panda, simama, ogopa mpaka uchoke". Mleta mada anapanda ghorofa tisa kila siku ya kazi. Mbona hajapona? Kwa sababu anapanda ameangalia ukuta na anakaa amelipa dirisha mgongo, kila siku mwili wake unajifunza kwamba amenusurika kwa kutoangalia. Kumtoa hapo unahitaji umsimamishe dirishani taratibu, mara nyingi, kwa saa moja, bila watu wa ofisi kupita wakiuliza kulikoni. Nionyeshe jengo la kweli litakaloniruhusu kupandisha lifti mara kumi na tano mfululizo na kuisimamisha ghorofa ya nne mteja akisema ngoja. Na kuna watu ukiwaambia kesho tunaenda juu ya jengo hawarudi tena, ukiwaambia VR wanakuja hata kwa udadisi. Kumpata mtu mlangoni ni nusu ya kazi yangu.

Oxford kina Daniel Freeman 2018 walitoa jaribio la watu 100 wenye uoga wa juu, jengo la ofisi la ghorofa kumi ndani ya kompyuta na kocha naye wa kompyuta, hakuna terapisti wa damu na nyama, karibu vikao sita vya nusu saa ndani ya wiki mbili, kazi mojawapo ni kumuokoa paka juu ya mti. Uoga ulishuka kwa wastani wa asilimia 68. Namba tamu, ila jueni kundi la kulinganishia liliachwa na huduma yake ya kawaida tu, kwahiyo haijajibu kama kocha wa kompyuta ni sawa na mtu. Mimi nina mashaka, na alichokisimulia @abiria_mwoga kuhusu simu ya tairi ndo mashaka yangu yenyewe.

---

DadaWaWatatu

Samahani kuingilia, nina kaka yangu alipata ajali ya gari, wenzake wawili hawakutoka, saivi hata kukaa kiti cha mbele hawezi na usiku anaamka anapiga kelele. Rafiki yake ana hiyo miwani, na nimeona kuna gemu za kuendesha gari. Tunaweza kumuanzishia nyumbani taratibu?

---

KitiPembeni

Hapana dada, tafadhali msifanye. Na pole sana kwa kaka.

Uoga wa ghorofa na kovu la ajali havifanani. Huyu hapa anaogopa kitu ambacho hakijamtokea, kaka yako anaogopa kitu kilichomtokea. VR inatumika huko pia, walianza na askari wa Marekani waliotoka Vietnam miaka ya 1990, baadae Skip Rizzo pale Chuo Kikuu cha Southern California akatengeneza ya waliotoka Iraq na Afghanistan, ina barabara, gari la kijeshi, moshi, mtikisiko, mpaka harufu. Ila angalieni inavyoendeshwa: mgonjwa ndiye anasimulia yaliyomkuta kwa kinywa chake, terapisti amekaa na kompyuta anaongeza sauti moja, anasubiri, anatoa, anaongeza moshi kidogo, anamfuata msimulizi. Gemu ya magari haimfuati mtu. Itamgongesha muda inaotaka yenyewe. Mpelekeni kwa mtu aliyesomea tiba ya kiwewe, hata kama hana miwani yoyote, wengi wao hawana na wanatibu vizuri kabisa.

Na kwa kua tupo hapa niseme, si kila VR ya tiba ni ya kukabili uoga. Hunter Hoffman na wenzake Seattle walitengeneza dunia ya theluji kwa watu walioungua moto, wakati wa kusafishwa vidonda mgonjwa yeye yuko bondeni anarusha mabonge ya theluji, na maumivu anayoyaripoti yanapungua maana akili imebanwa kwingine. Hapo tunataka akili ikimbie. Kwa mleta mada tunataka isikimbie hata kidogo. Dude ni lile lile.

---

DadaWaWatatu

Asante sana daktari. Nimeelewa, miwani nimeshairudisha kwa mwenyewe.

---

MpandaNgazi

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kwa ukimya, nilikua naona aibu nikirudi nimeshindwa.

Nimeshafanya vikao vitatu vya miwani. Cha kwanza nilifika na maswali yenu yote, ya mboni, ya rekodi, ya kukaa wapi. Mama wa watu akacheka akasema nani kakufundisha, alafu akavuta kiti akakiweka hatua moja kutoka nilipo, akasema nitakua hapa, sauti yangu utaisikia upande huu. Intaneti akazima mbele yangu.

@KitiPembeni yale ya miguu haijui nilidhani unapamba maneno. Nimevaa, nikajikuta kwenye baraza ya ghorofa, michoro hata siyo mizuri, kuna jengo la kijivu mbele na miti kama brokoli. Nikaanza kusema "mbona kawaida", nikaangalia chini. Jamani. Nilipiga magoti. Mtu mzima nimepiga magoti kwenye zulia nimeshika mguu wa kiti chake, na zulia nalihisi magotini, nalihisi kabisa, na bado siwezi kuachia. Akauliza uko ngapi nikamwambia tisini na tano. Akasema sawa, tupo. Hakunivua, hakunibembeleza. Tukakaa. Akaniuliza chini kuna magari mangapi. Nikahesabu manne. Baadae kidogo nikahesabu tena nikakuta ni matano, kumbe moja sikuliona mwanzo kwa sababu nilikua nachungulia kwa jicho moja.

Kikao cha pili nilisimama. Cha tatu, juzi, alikua ameandika kwenye karatasi maneno yangu "kitu kitanivuta", akaniambia mikono iache ining'inie, sogea mpaka vidole vya miguu vifike ukingo. Nilikaa hapo dakika kumi na mbili, yeye ndo alikua anapima. Sijavutwa. Nilichogundua ni kwamba kile ninachokiita kuvutwa ni mwili wangu mimi mwenyewe unaegemea nyuma kwa nguvu, alafu naona kama mbele kunanivuta. Nilianza sabini nikamaliza arobaini, haikufika chini sana na akasema haina shida.

Sasa lile lililonileta. Leo asubuhi nimeingia kwenye lifti. Nimesimama uso kwenye kioo, mikono chini, sijashika ile bomba, nimefika ghorofa ya nne nikashuka, hizo tano zilizobaki nikamalizia kwa ngazi kama kawaida yangu. Mlinzi akaniuliza leo lifti imekushinda njiani, nikamwambia mimi ndo nimeishinda mpaka ya nne. Alhamisi nina zoezi la kufika ya sita.

---

Bishoo_wa_Hoja

Nafuta kauli ya katuni. Ya hela ya mashine naiacha kwanza. Dada, Alhamisi jioni tunasubiri mrejesho hapa hapa, na usije ukasema umeumwa.